Vazi la Taka Lisiishie Jukwaani

KILA ifikapo tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, shule zetu nyingi huandaa jambo ambalo wazazi wetu hawakulijua: maonyesho ya mavazi yaliyoshonwa kwa takataka. Msichana hupita mbele ya wageni akiwa amevaa gauni la vifuniko vya soda. Mwenzake humfuata na koti la viroba vya unga. Wa tatu amevaa kofia ya ndala zilizokatika. Watu hucheka, hushangilia na kupiga makofi. Kisha mgeni rasmi husoma hotuba yake, na kila mtu hurudi kwake.

Sisi tunaliunga mkono jambo hili, na tunasema hivyo tangu mwanzo ili tusieleweke vibaya. Lakini anayekupenda hakufichi kasoro zako. Kuna swali moja ambalo hatuna budi kuwauliza walimu wanaoandaa maonyesho hayo na maofisa wa Serikali wanaokaa meza kuu kuyatazama: vazi lile, baada ya makofi, huenda wapi?

Miaka michache iliyopita tulialikwa kwenye sherehe ya namna hiyo katika shule ambayo hatuna haja ya kuitaja, kwa kuwa yaliyotokea pale yangeweza kutokea popote. Wanafunzi walipendeza, na risala yao ilikuwa na maneno mazito juu ya madhara ya plastiki. Juu ya vichwa vya wageni lilitundikwa bango la plastiki lililochapwa tarehe ya siku ile, ambalo kesho yake lisingefaa kwa kazi yoyote. Mezani zilipangwa chupa ndogo za maji, kila mgeni mbili, na sherehe ilipokwisha nyingi zilibaki pale pale zikiwa zimenywewa nusu. Tulipozunguka nyuma ya madarasa tulimkuta mlinzi akichochea moto. Ndani ya moto ule mlikuwa na gauni lililopata zawadi ya kwanza. Mwanafunzi aliyelishona alikuwa amesimama kando akitazama. Tulipomwuliza, alijibu kwa adabu kwamba mwalimu ameagiza pawe pasafi kabla ya kengele ya jioni. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba kulishona kulimchukua wiki tatu.

Mtoto yule siku ile alifundishwa masomo mawili. La kwanza lilikuwa kwenye risala, kwamba plastiki inaharibu nchi. La pili lilikuwa kwenye moto, kwamba yale ya risala ni maneno ya sherehe. Walimu wanajua kuliko sisi ni somo lipi kati ya hayo hukaa kichwani mwa mtoto.

VAZI NI USEMI

Baadhi ya watu huuliza kwa nini tushughulike na mavazi wakati mitaro imeziba. Wanasahau kwamba katika nchi yetu vazi halijapata kuwa kitambaa cha kujisitiri tu. Kanga ina jina lake, na jina hilo husema yale ambayo mvaaji hawezi kuyatamka mdomoni. Kanga zimebeba ujumbe wa harusi, wa ugomvi wa majirani, wa Uhuru na wa Chama. Mwaka 1968, Vijana wa TANU walipoanzisha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia, nchi nzima ilibishana, wengine wakiunga mkono na wengine wakipinga vikali. Ubishi ule ulionyesha kwamba mavazi hugusa heshima ya watu na fikra zao. Kwa hiyo mwalimu anayemvika mtoto takataka ameshika chombo chenye nguvu, na mwenye chombo chenye nguvu hana budi kujua anachotaka kusema nacho.

Wenzetu wa Afrika wamekitumia chombo hicho kwa makini. Katika mji wa Dakar, nchini Senegal, Modou Fall, aliyekuwa askari, amekuwa kwa miaka mingi akitembea mitaani na shuleni akiwa amejifunika mifuko ya plastiki kutoka kichwani hadi miguuni. Watu wamempa jina la Mtu wa Plastiki. Umbo la vazi lake amelitoa kwa kankurang, kinyago cha Wamandinka kinachotokea wakati wa jando, ambacho kazi yake ni kuwalinda vijana na kusimamia nidhamu ya jamii. Mtoto wa Senegal akimwona haoni kichekesho peke yake. Anaona mlinzi wa mila aliyevikwa uchafu wa leo, naye anaelewa kwamba kuna kitu kinahitaji kulindwa.

Katika mji wa Kinshasa, nchini Kongo, msanii Eddy Ekete na wenzake, walioanzisha tamasha la KinAct mwaka 2015, hutoka mitaani wakiwa wamevaa makopo, matairi, nyaya, wanasesere waliovunjika na simu mbovu. Wanafanya hivyo katika mji uleule unaosifika kwa watanashati wanaovaa suti za Ulaya. Na tukumbuke kwamba Kongo ndiyo nchi inayotoa kobalti nyingi kuliko nchi yoyote duniani, madini yanayotumika katika betri za simu. Mali hutoka Kongo ikiwa udongo wa bei ndogo, hurudi ikiwa simu ya bei kubwa, na mwisho hubaki jalalani. Msanii wa Kinshasa anapovaa simu mbovu huwa amevaa historia ya uchumi wa nchi yake.

Hapo ndipo wasanii hao wanapopishana na sherehe zetu. Mavazi yao yanauliza: taka hizi zimetoka wapi, nani aliyezitengeneza, nani aliyefaidika, na nani aliyeachiwa? Mavazi yetu mara nyingi yanauliza swali moja tu: nani amependeza?

SHERIA NA MAZOEA

Hatusemi hayo kana kwamba nchi yetu imelala. Zanzibar ilianza kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe za viroba, na vile vifuko vidogo vilivyokuwa vimetapakaa kwenye kila kituo cha mabasi vikapungua. Tarehe 1 Juni 2019 katazo la mifuko ya plastiki lilianza kutekelezwa Tanzania Bara. Wenye kumbukumbu wanajua ilivyokuwa kabla ya siku hiyo, mifuko ya rambo ikipepea kwenye miti ya miiba kama bendera, ikiziba mitaro mvua inyeshapo, na kukutwa ndani ya matumbo ya ng'ombe machinjioni. Wananchi walirudia vikapu, na wale waliotabiri kwamba biashara itasimama waliona haya.

Lakini sheria, hata iwe nzuri namna gani, huhitaji watu walio macho. Haukupita muda mrefu, vifungashio laini vya plastiki, ambavyo viliruhusiwa kwa kufungia bidhaa fulani, vikaanza kutumika kubebea nyanya na samaki sokoni, hata mwaka 2021 Serikali ikalazimika kutoa katazo jingine. Huko Senegal nako ilikuwa hivyo hivyo. Sheria ya mwaka 2015 haikutosha, ikatungwa nyingine mwaka 2020, na bado Mtu wa Plastiki hakukosa kazi. Sheria inafunga mlango, lakini tabia hutafuta dirisha. Hii ndiyo sababu tunaona maonyesho ya shule yana thamani, kwa maana yanashughulika na tabia, mahali ambapo mkaguzi hafiki.

Aidha, ni lazima watoto waambiwe ukubwa wa jambo lenyewe. Wataalamu waliotoa hesabu zao mwaka 2017 walionyesha kwamba tangu mwaka 1950 hadi 2015 dunia ilitengeneza tani bilioni 8.3 za plastiki. Kati ya taka zilizotokana nazo, asilimia 9 tu zilirejelezwa. Asilimia 12 zilichomwa, na asilimia 79 zilibaki majalalani au zikatupwa ovyo. Mbele ya hesabu hizo, gauni moja la vifuniko haliwezi kuitwa ufumbuzi. Tukimwambia mtoto kwamba ameokoa bahari kwa kushona sketi, tutakuwa tumemdanganya, na siku atakapogundua hatatusikiliza tena. Yafaa aambiwe ukweli, kwamba vazi lake ni tangazo, na kwamba tangazo hutangulia kazi yenyewe.

Ni haki pia ajue kwamba lawama si za mama ntilie wala za mtoto aliyetupa ganda la pipi. Mwezi Machi 2022, mataifa ya dunia yalikutana Nairobi yakaamua kuandika mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Yakakutana Busan, Korea ya Kusini, mwaka 2024, yakashindwa kuafikiana. Yakakutana tena Geneva mwezi Agosti 2025, yakashindwa tena. Kiini cha mvutano hakikuwa siri. Nchi nyingi zilitaka mkataba uweke mipaka kwa utengenezaji wa plastiki, na nchi zenye mafuta mengi zikataka uzungumzie usafishaji wa taka tu. Kwa maneno mengine, mwenye kufungulia bomba anataka sote tubishane juu ya ufagio. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuelewa siasa hiyo vizuri kabisa, akiwa na mwalimu wa kumweleza.

TUMEKWISHA KUVAA PLASTIKI

Kuna jambo jingine ambalo maonyesho yetu hayaligusi. Mtoto anapopita na gauni la mifuko, wageni hucheka kwa kuwa amevaa plastiki. Lakini poliesta, ambayo ndiyo nyuzi inayotumika kuliko zote duniani leo, hutengenezwa kwa mafuta ya petroli, na kwa asili ni plastiki ileile ya chupa ya maji. Mgeni rasmi aliyevaa suti ya poliesta na mtoto aliyevaa gauni la chupa wamevaa kitu kimoja. Tofauti yao ni cherehani.

Tukiendelea mbele kidogo katika hoja hiyo tutafika kwenye mitumba. Marobota yanayofunguliwa katika masoko yetu yana nguo nzuri, na wananchi wa kipato cha chini wanazihitaji, nasi hatuwalaumu. Lakini humo humo mna nguo zilizochoka ambazo hazinunuliki, na hizo huishia jalalani kwetu badala ya kuishia jalalani kwa aliyezivaa. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuzinyima nchi zetu nafasi ya kuuza bidhaa kwake bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Nchi nyingine zililegeza msimamo. Rwanda ilishikilia, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafasi hiyo kwa upande wa nguo. Wakati huo huo sehemu kubwa ya pamba inayolimwa Shinyanga, Simiyu na Mwanza huuzwa nje kabla ya kusokotwa. Tunauza nyuzi zinazooza zikawa udongo, tunapokea nyuzi zisizooza. Somo la mazingira lisilogusa jambo hili ni somo nusu.

WALIOTANGULIA

Mtu asidhani kwamba kuvaa kilichotupwa ni ubunifu ulioletwa juzi. Mafundi wa katambuga hawakungoja tarehe 5 Juni. Walichukua tairi lililochoka, wakalikata kwa kisu kikali, wakalipigilia misumari, na mfugaji wa Kimasai akatembea nalo juu ya miiba kwa miaka. Hakuna aliyempigia fundi yule makofi, wala hakuna aliyechoma katambuga jioni ya siku ileile. Kilichokuwa taka kilipata kazi, na kwa kuwa kilipata kazi kikakoma kuwa taka.

Mfano mwingine umetoka pwani ya Lamu. Mwezi Septemba 2018 lilishushwa majini jahazi liitwalo Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, chini ya uongozi wa fundi Ali Skanda, mjuzi wa majahazi ya asili. Ubavu wake ulivishwa ndala 30,000 za rangi zote. Mwanzoni mwa mwaka 2019 jahazi hilo lilisafiri hadi Zanzibar, likisimama njiani kuzungumza na wananchi na watoto wa shule, na mwaka 2021 likafanya safari katika Ziwa Viktoria. Jahazi lile limevaa taka kama watoto wetu wanavyovaa, lakini linaelea, linabeba watu na linafika. Mtazamaji hulipenda kwa rangi zake, kisha hulistahi kwa kazi yake.

Basi tunayo mifano miwili ya kujipimia. Kanga husema, na pia hubeba mtoto. Katambuga haisemi neno, lakini huulinda mguu. Vazi la taka litakalosema kama kanga na kufaa kama katambuga ndilo tunalolitaka shuleni.

LA KUFANYA

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache ambayo hayahitaji fungu jipya la fedha.

Kwanza, mavazi yashonwe kwa taka zilizookotwa katika mazingira ya shule na kijiji au mtaa wake tu. Tumeona shule zikinunua dukani mirija, vikombe na karatasi za plastiki ili kutengenezea nguo za takataka. Huko ni kuongeza taka kwa jina la kuzipunguza. Kabla ya kushona, wanafunzi wazihesabu na kuzipima kwa mizani, waandike ni chupa ngapi, mifuko mingapi, ndala ngapi, na za aina gani. Hesabu hiyo isomwe mbele ya wageni badala ya risala iliyonakiliwa mwaka uliopita, na ihifadhiwe ili ilinganishwe na ya mwaka unaofuata. Hapo hisabati, jiografia na siasa zitakuwa zimekutana katika vazi moja.

Pili, usalama uangaliwe. Taka za zahanati na makopo ya dawa za mimea na mifugo yasiguswe kabisa na watoto, na kila kinachoshonwa kioshwe kwanza.

Tatu, kila vazi liwe na maisha ya pili yaliyopangwa kabla halijashonwa. Viroba hutoa aproni, mikoba na mifuko ya kuoteshea miche. Matairi hutoa katambuga. Vipande visivyofaa vitenganishwe, na vinavyonunuliwa wapewe waokota chupa. Moto usiwe jibu. Plastiki ikichomwa nyuma ya darasa hutoa moshi wenye sumu, na moshi huo huvutwa na watoto walewale tunaowafundisha.

Nne, huyo mwokota chupa aalikwe, akae meza kuu. Mtu anayeamka kabla ya jua kubeba kiroba mgongoni na kuuza kwa kilo anajua zaidi juu ya taka za mtaa wake kuliko hotuba nyingi tulizozisikia. Ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine, na watoto wakimwona akiheshimiwa watajifunza kuheshimu kazi yake.

Tano, na hili twawaambia ndugu zetu watumishi wa Serikali, sherehe ya mazingira isizalishe taka. Maji yawekwe kwenye mitungi na bilauri. Bango lisichapwe tarehe, ili litumike miaka kumi, au liandikwe kwa rangi juu ya kitambaa cha pamba. Fulana za siku moja zisinunuliwe. Afisa mazingira anayetia saini hati ya kununulia chupa 500 za maji kwa ajili ya Siku ya Mazingira anafuta kwa kalamu yale ambayo mwalimu ameandika kwa chaki.

Mapendekezo haya yana mizizi yake. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule iwe mahali pa kazi yenye maana, na mtoto afundishwe kwa vitendo vinavyofanana na maisha ya jamii yake. Ilikuwa haisemi juu ya plastiki, lakini inasema juu ya gauni lililochomwa. Kazi ya wiki tatu ya mtoto haina budi kuheshimiwa, au tusimpe.

Na kwa kuwa Mwalimu alituachia kijitabu cha Tujisahihishe tangu mwaka 1962, nasi tujisahihishe. Katika kila kampeni ya uchaguzi Chama chetu hugawa kofia na fulana nyingi, na vyama vingine hufanya hivyo hivyo. Nguo hizo ni usemi wetu. Nyingi huvaliwa na wananchi hadi zichakae, jambo ambalo ni la heri. Lakini nyingine ni za poliesta nyepesi, hupauka na kupasuka kabla ya kura kuhesabiwa, na baadaye tunazikuta mitaroni. Kama tunawataka watoto wapime taka zao, sisi tuanze kupima zetu. Kanga na fulana za pamba yetu, iliyosokotwa katika viwanda vyetu, zingesema maneno yaleyale na kudumu zaidi, na mkulima wa Shinyanga angefaidika.

Msichana yule aliyesimama kando ya moto huenda sasa amemaliza shule. Hatujui kama anashona hadi leo. Lakini wadogo zake wako madarasani, na mwezi Juni utakuja tena. Gwaride la mavazi litakapopita, mgeni rasmi asipige makofi upesi. Ainuke, amwite mtoto mmoja mmoja, amwulize vazi lake lina uzito gani, limeokotwa wapi, na kesho litakuwa linafanya kazi gani. Kisha mtoto naye apewe ruhusa ya kumwuliza mgeni rasmi swali hilohilo, juu ya chupa iliyo mbele yake.